Kibao, Jembe na Redio: Habari za Mafundisho katika Nyanda za Juu za Kusini

Waswahili wana methali mbili ambazo husemwa na watu wale wale, wala hawaoni kwamba zapingana. Ya kwanza ni "Samaki mkunje angali mbichi." Ya pili ni "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Mwenye methali ya kwanza alimwona mtoto kuwa kitu kinachokunjwa na mkono wa mtu mwingine. Mwenye ya pili alimwona kuwa mtafutaji, ambaye asipotafuta mwenyewe hapati kitu. Hizo ndizo nadharia mbili za kujifunza, yaani mawazo mawili juu ya jinsi elimu inavyoingia katika akili ya mtu. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wameandika vitabu vingi juu ya jambo hili, na kwa sehemu kubwa wamegawanyika katika pande hizo hizo mbili.

Kila nadharia iliyokuja katika nchi yetu ya Mbeya na Iringa ilikuja na chombo chake mkononi. Moja ilishika kibao cha kuandikia, nyingine jembe, nyingine sinema, nyingine redio. Na siku hizi imekuja inayoshika simu na kompyuta. Kila mara watu waliambiwa kwamba chombo hiki ndicho kitakachobadili mafundisho kabisa. Kwa kuwa wazazi na walimu wa vijijini wanaombwa tena watoe fedha zao chache kwa ajili ya vyombo vipya, yafaa tutazame nyuma tuone vile vya kwanza vilifanya nini na vilishindwa wapi. Asiyejua habari za jana hununua leo kitu ambacho babu yake alikwisha kukilipia.

Tuanze kabla ya kuja shule. Si kweli kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na mafundisho mpaka walipoletewa. Katika Unyakyusa, mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka katika nyumba ya baba yake, akaenda kujenga vibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Vijana hao walikula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini walilala kijijini kwao, wakachunga ng'ombe pamoja, wakabishana, wakaamua wao kwa wao nani amekosa na nani ana haki. Walipokua na kuoa, kijiji kile kikawa kijiji cha watu wazima, na mwisho utawala wa nchi ukakabidhiwa kizazi chao kwa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka.

Kati ya mwaka wa 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa katika nchi hiyo wakichunguza desturi hizi, na mwaka wa 1951 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika. Alieleza neno ambalo wazee walilithamini mno, nalo ni ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa mazungumzo mema na furaha. Kwa Wanyakyusa jambo hilo halikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Waliamini kwamba amahala, yaani akili na hekima, hupatikana hapo hapo, mtu anapozungumza na walio sawa naye. Na kwamba mtu akaaye peke yake hubaki mjinga hata akiwa na ng'ombe wengi. Basi hiyo nayo ni nadharia ya kujifunza, nayo ni kamili. Ilikuwa na upungufu wake, maana mazungumzo hayo ya marika yalikuwa mali ya wanaume, na wasichana walikosa sehemu kubwa ya faida ile. Lakini msomaji alishike neno hili ukwangala, maana tutalikuta tena mbele.

Mwaka wa 1891 wamisionari wa vyama viwili vya Kidachi walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wa chama cha Berlin waliongozwa na Alexander Merensky. Wamoravian waliongozwa na Theodor Meyer, nao wakajenga Rungwe. Baadaye wa Berlin walipanda milima mpaka Ukinga, wakafika Ubena, na Kidugala ikaanzishwa mwaka wa 1898. Upande wa Iringa, Wabenedikto walijenga Tosamaganga katika miaka ile ile ya mwisho wa karne. Kila palipojengwa nyumba ya ibada, palijengwa na shule.

Chombo cha shule hizo kilikuwa kibao, na palipokosekana kibao, mchanga. Tusidhani kwamba kuandika mchangani ni alama ya umaskini wetu tu. Mwishoni mwa karne ya 18, Mskoti mmoja, Andrew Bell, aliyekuwa msimamizi wa shule ya yatima katika mji wa Madras huko Bara Hindi, aliwaona watoto wa nchi ile wakifundishana herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole. Akaichukua desturi hiyo shuleni kwake, na watoto wakubwa wakawafundisha wadogo. Mwaka wa 1797 alitoa habari zake katika Uingereza, na njia hiyo ikaenea katika nchi nyingi, kwa sababu mwalimu mmoja aliweza kuwaongoza watoto mamia. Hivyo njia iliyodhaniwa kuwa ya Ulaya ilikuwa imetoka kwa watoto wa Kihindi waliokaa chini mavumbini.

Tena Wamoravian wana babu katika kazi hii ambaye wengi wetu hatumjui. Kanisa lao la zamani lilikuwa na askofu aliyeitwa Jan Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka wa 1592 katika nchi ya Moravia, akafukuzwa kwao kwa vita, akafa ugenini huko Uholanzi mwaka wa 1670. Comenius alifundisha kwamba kosa kubwa la shule za wakati wake ni kumpa mtoto maneno kabla ya kumpa vitu. Mtoto na aone, na ashike, na anuse kwanza. Ndipo jina la kitu lifuate. Mwaka wa 1658 alitoa kitabu cha watoto kilichojaa picha, kila picha na maneno yake chini, nacho chahesabiwa kuwa mojawapo ya vitabu vya kwanza vya picha vilivyotungwa kwa shule. Alitaka pia watoto wote wasome, wa kiume na wa kike, wa tajiri na wa maskini. Picha za kufundishia zinazoonekana leo katika ukuta wa darasa, na hata zile zinazopita katika kioo cha kompyuta, zina mzee wao katika kitabu hicho.

Lakini urithi mzuri si lazima uonekane kila siku. Katika shule nyingi za kwanza mtoto alikariri ba, be, bi, bo, bu kwa sauti kubwa mpaka jua likawa juu, na fimbo ikawa karibu. Hapo ilitawala methali ya samaki mbichi. Wengi walijifunza kusoma kwa njia hiyo, nasi hatuwezi kukana. Ila waliopenda kusoma ni wale waliopata nje ya darasa mtu wa kuzungumza naye juu ya yale waliyoyasoma.

Jaribio kubwa likaja kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka wa 1916, katika Vita Kuu, majeshi ya Waingereza yaliingia katika nyanda hizi, na wamisionari wa Kidachi wakachukuliwa kuwa wafungwa. Vibao vipya havikuja, wala vitabu, wala chaki. Shule nyingi zililala. Hata hivyo mafundisho hayakukoma kabisa, kwa sababu walimu na wazee Waafrika waliyashika kwa miaka kadhaa, na baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kuwaangalia mpaka Wamoravian waliporudi katika miaka ya 1920. Vyombo vilikwisha, watu wakabaki, na elimu ikabaki pamoja na watu. Jambo hili nalo tulishike.

Sasa twaja kwenye jembe. Mwaka wa 1924 tume moja iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Pwani ya Dhahabu, ambaye ndiyo Ghana ya leo. Tume ilisema kwamba shule zilikuwa zikiwafundisha watoto mambo yasiyohusu maisha yao, na kwamba yapasa elimu ifuate nchi: kilimo, afya, ufundi, na maisha ya nyumbani. Mawazo hayo yalitoka katika shule za watu weusi wa kusini ya Marekani, kama Hampton na Tuskegee. Mwaka wa 1925 serikali ya Uingereza ikatoa maagizo ya elimu yenye roho ile ile kwa makoloni yake ya Afrika.

Katika Tanganyika mbegu hiyo iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka wa 1925, alikuwa akitawala kwa njia ya watemi na machifu, na mkuu wa elimu, Stanley Rivers-Smith, alitafuta shule itakayofanana na utawala huo. Ndipo mwaka wa 1928 ikafunguliwa shule ya Malangali, katika jimbo la Iringa, mahali palipo sasa katika wilaya ya Mufindi. Msimamizi wake alikuwa W. Bryant Mumford.

Mumford aliona hatari moja ya kweli. Aliona kwamba mtoto aliyepelekwa shule alirudi kwao akiwadharau wazee wake, naye hakuwa Mzungu wala hakuwa tena mtu wa kwao. Kwa hiyo akataka shule iwe kijiji. Wavulana wa Malangali walivaa nguo za kienyeji, wakalala katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa nchi, wakachunga ng'ombe, wakacheza ngoma na kutupa mikuki. Wazee waliitwa wakae shuleni, wawafundishe vijana habari za makabila yao na adabu njema. Pamoja na hayo walijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka wa 1930 Mumford aliandika habari za kazi hii katika gazeti la wataalamu huko London, na shule ikapata sifa mbali.

Yafaa tumpe haki yake. Ni watu wachache wa serikali ya wakati ule waliokubali kwamba mzee asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu, na kwamba ngoma na baraza ni mafundisho. Hata leo shule nyingi zina ukuta mrefu kati ya darasa na kijiji, wala hakuna anayemwita mzee aingie.

Lakini nadharia ile ilikuwa na ufa katika msingi wake, nao ni huu: iliichukua desturi kuwa kitu kilichosimama. Tazama Wahehe wenyewe. Ufalme wao haukuwako tangu mwanzo wa dunia. Ulijengwa katika karne ya 19 na Munyigumba, aliyeunganisha tawala ndogo ndogo, kisha mwanawe Mkwawa akauimarisha. Wahehe walijifunza namna ya kupigana kutoka kwa jirani zao Wasangu na Wangoni. Mwaka wa 1891, mwaka ule ule ilipojengwa Rungwe, walilishinda jeshi la Wadachi huko Lugalo. Baada ya hapo Mkwawa aliizidisha boma yake ya mawe huko Kalenga, nayo ikaanguka kwa mizinga mwaka wa 1894. Watu hao walikuwa wepesi wa kujifunza kila jipya lenye nguvu, wakalifanya kuwa lao. Kuwaambia wajukuu wao kwamba mkuki na shuka ndivyo vinavyowafaa ni kusahau jinsi babu zao walivyojifunza.

Tena wazazi walikuwa na macho. Waliona kwamba karani alipata mshahara kwa kujua kalamu, na kwamba maneno yenye nguvu yaliandikwa ofisini kwa Kiingereza. Mtoto wa mkulima hakuhitaji kwenda shule ya bweni ili afundishwe kuchunga ng'ombe wa nyumbani. Alikwenda kutafuta kile ambacho nyumbani hakikuwapo. Vijana na wazazi wengi wa Afrika ya wakati ule waliposikia neno la elimu inayofaa maisha yao, walishuku kwamba wanapewa elimu ndogo ili wakae mahali padogo. Shaka hiyo haikuwa ya wapumbavu.

Mwaka wa 1931 Cameron na Rivers-Smith waliondoka, na shida ya fedha ya dunia nzima ikaingia. Jaribio la Malangali halikudumu. Shule ikarudi katika njia ya shule nyingine, baadaye ikawa sekondari ya serikali, nayo ipo hata leo. Swali la Mumford lilikuwa jema: shule ifanyeje isimtenge mtoto na watu wake? Ila aliwauliza wazee wamekuwa nini, wala hakuwauliza vijana wataka kuwa nini.

Baada ya jembe likaja taa la sinema. Huko Marekani, Thomas Edison alikuwa ametangaza mwaka wa 1913 kwamba vitabu vitaachwa shuleni, na kila elimu itafundishwa kwa picha zinazotembea. Maneno hayo yalifika kwetu baada ya miaka ishirini na zaidi. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 kundi moja lililosaidiwa na mfuko wa Carnegie lilifanya kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, likitengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika juu ya kilimo, afya na akiba. Wakubwa wake walikuwa Leslie Notcutt na G. C. Latham. Lori likazipeleka sinema hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Watu walikuja usiku kwa maelfu, wakacheka, wakashangaa. Asubuhi lori likaondoka. Fedha za jaribio zilipokwisha, kazi ikasimama. Watu walitazama mengi, lakini nafasi ya kuuliza ilikuwa ndogo mno.

Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1961, maswali yale yale yalirudi, safari hii kwa watu wenyewe. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba shule inamtenga mtoto na jamii yake, na kwamba kila shule iwe na shamba au kazi ya kuzalisha. Msomaji atadhani kwamba huyu ni Mumford amerudi. Lakini iko tofauti kubwa. Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao: walime nini, watumieje mapato, wagawanyeje kazi. Kwake shamba lilikuwa mahali pa kufikiri pamoja. Mahali ambapo neno hilo lilifuatwa, shamba lilifundisha. Mahali ambapo mwalimu alitoa amri na watoto wakashika majembe tu, shamba likawa adhabu, na wazazi wakanung'unika kama walivyoshuku zamani.

Kisha redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka wa 1951, na baada ya uhuru redio ndogo za betri zilienea hata milimani. Mwaka wa 1973 serikali ilianzisha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, nayo yastahili kukumbukwa na kila mwalimu. Katika nchi nzima watu yapata milioni mbili, wake kwa waume, walikusanyika katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kwanza, na kijitabu kilichopigwa chapa. Walisikiliza kipindi cha redio juu ya malaria, au kuhara, au kichocho. Kipindi kikiisha, redio ikazimwa. Ndipo kazi yenyewe ikaanza. Kiongozi aliuliza: je, ugonjwa huu upo kwetu? Waletwa na nini? Sisi tutafanya nini kabla ya juma lijalo? Wakazungumza, wakakubaliana, wakaondoka na majembe wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mwaka wa 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa njia hiyo hiyo.

Watu wale hawakufundishwa na redio peke yake. Sinema ya lori nayo ilisema mambo ya afya, na kwa picha nzuri zaidi. Tofauti ni kwamba mwaka wa 1973 chombo kilinyamaza mapema, kikawaachia watu nafasi ya kusema. Ni ukwangala ule ule wa wazee wa Unyakyusa, ila redio na kijitabu vimewekwa katikati ya duara, na wanawake wamekaribishwa kukaa.

Wataalamu wa ng'ambo nao walifika mahali hapo kwa njia yao. Katika miaka ya 1950 Mmarekani B. F. Skinner alitengeneza mashine ya kufundishia: mwanafunzi akiwa peke yake husoma swali, hujibu, na mashine humwonyesha mara moja kama amepata. Skinner alishika nadharia ya kwamba tendo likifuatwa na faida litarudiwa. Njia hiyo yafaa kwa mambo ya mazoezi, kama jedwali la kuzidisha. Upande mwingine alikuwako Mrusi, Lev Vygotsky, aliyekufa mwaka wa 1934, mwaka ambao Wilson alianza kazi yake Unyakyusa. Vygotsky alisema kwamba mtoto huweza leo kwa msaada wa mwenzake kile atakachoweza kesho peke yake, na kwamba mazungumzo na wengine hugeuka kuwa fikira za ndani ya mtu. Yeye hakujua neno ukwangala, wala mzee wa Rungwe hakulijua jina la Vygotsky, lakini wangalikutana barazani wangalielewana.

Mtaala wa sekondari wa Tanzania wa mwaka wa 2005 ulifuata upande huu, ukitaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, wala si kukariri tu. Na ule wa shule za msingi ukafuata. Ni shauri jema, ila ni zito kwa mwalimu mwenye watoto wengi katika chumba kimoja. Kuuliza na kujibu kwahitaji nafasi, na vitabu, na utulivu wa moyo. Nadharia ikiletwa bila vitu hivyo, mwalimu huiandika katika andalio la somo, kisha anaendelea kufundisha kama alivyofundishwa.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Hapo tuliona wazi uwezo wa chombo na mpaka wake. Sauti ilivuka mito na milima kwa dakika moja. Lakini mtoto aliyekaa nayo peke yake hakuwa na wa kumwuliza; na mtoto ambaye kwao hapana redio hakuwa na kitu kabisa. Zamani hizi za simu na intaneti ni hivyo hivyo. Simu moja yaweza kubeba vitabu vingi kuliko kabati la shule nzima, na kwa shule isiyo na kabati hilo si jambo dogo. Anayeidharau simu hajui njaa ya vitabu ilivyo. Lakini simu hiyo hiyo yaweza kumfanya mtoto kuwa mtazamaji tu, kama wale waliotazama sinema ya lori usiku.

Katika nchi yetu leo kuna vyuo vikubwa vya kazi hii. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanza mwaka wa 2005 na kulea walimu. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kimoja chachunguza mafundisho, kingine chajua vyombo. Lakini uamuzi wa mwisho mara nyingi hufanyika mahali padogo zaidi, katika mkutano wa kamati ya shule, chini ya mti, wazazi wanapoulizwa kama fedha iliyopo inunue kompyuta, au vitabu, au mabati ya nyumba ya mwalimu. Kwa ajili ya mkutano huo, habari hizi zote zatupa maswali matatu.

Swali la kwanza: chombo hiki kimekuja kujibu haja ya nani? Hilo ni swali la Malangali. Watoto na wazazi wasipoulizwa wanataka kujua nini, hata shauri la mtu mwenye nia njema hugeuka kuwa mzigo.

Swali la pili: chombo kikinyamaza, nani atazungumza na nani? Hilo ni swali la Mtu ni Afya. Palipo na mwalimu awezaye kuzima mashine na kuwaacha watoto wabishane kwa adabu, hapo mashine yafaa. Asipokuwapo mwalimu huyo, afadhali fedha imtafute yeye kwanza.

Swali la tatu: chombo kikiharibika, kitabaki nini? Hilo ni swali la mwaka wa 1916. Umeme hukatika, betri hufa, vioo huvunjika. Kama kilichobaki ni watu wanaojua kusoma, kuuliza na kufundishana, hasara ni ndogo. Kama kilichobaki ni kabati lililofungwa kwa kufuli, basi shule ilinunua kabati.

Ndugu wasomaji, samaki hukunjwa angali mbichi, nasi hatutaacha kuwafunza watoto adabu na mazoezi tangu utoto. Lakini samaki hakunji samaki mwenzake, wala haulizi swali. Mtoto huuliza. Kibao, jembe, picha, redio na simu vyote vimepita au vitapita mikononi mwetu; kazi ya mwalimu ni kutumia kilichopo, kisha kukiweka kando na kusikiliza mtoto anataka kuuliza nini.